Radhi ya Kuzama

Nguo ya kuzamia ya mpwa wangu ilikaa wiki nzima imetundikwa nyuma ya mlango wa bafu la dada yangu, Barking, mashariki mwa London. Ilikuwa ya mpira mweusi, nzito, imeunganishwa na viatu vyake, haina kichwa wala viganja. Ukifunga mlango iliyumba kidogo, kisha ikatulia imekuelekea. Dada alikuwa anaoga upesi, na akitoka alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Huyo mtu wenu mtoeni bafuni kwangu."

"Inapigwa hewa, Mama," mpwa wangu alijibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, hata matusi, lakini tangu aanze shule jibu lake hutoka kwa Kiingereza.

"Basi ipeleke roshani ikashangae treni."

Hakuipeleka. Ilibidi ikae kivulini, shingo na mikono yake imepakwa poda ili mpira usishikane. Mimi nilijua hilo kwa sababu nguo kama ile niliwahi kumsaidia mtu kuivaa, na kumvua.

Nakaa Hounslow, karibu na uwanja wa ndege ninakopakia mizigo. Kutoka kwangu hadi kwa dada ni kuvuka jiji lote, na bado kila siku ya mapumziko nilikuwa nalivuka, maana kwake kunanukia Tanga na mimi peke yangu chumbani situlii. Sijawahi kutulia. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka nyumbani na sijaacha kuondoka tangu hapo. Nimeishi Maskati, nimeishi Rotterdam, na misimu miwili nilifanya kazi kaskazini kabisa mwa Norway, msaidizi wa jikoni kwenye boti ndogo ya watafiti wa sakafu ya bahari. Mpwa wangu wakati ule alikuwa mdogo. Nilikuwa nampigia simu namweleza vitu walivyovitoa chini: buibui wa baharini mwenye miguu mirefu kuliko kidole changu, konokono asiye na gamba, mnyoo aliyejijengea nyumba kwa chembe za mchanga. Alikuwa ananiuliza, "Anko, kina macho?" Kama hakina, alifurahi zaidi.

Sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu, wanyama hao hao ndio masomo yake, na mwaka huu alipata nafasi ya kwenda Greenland na wenzake, kwenye ghuba nyembamba iliyobanwa na milima, ambako mto wa barafu unateremka mpaka baharini.

Jumapili moja, baada ya chakula, aliunganisha kompyuta yake na televisheni ili mama yake aone anakokwenda. Nadhani alitaka kumtoa hofu. Zilikuwa picha za mwaka uliotangulia, za kamera iliyoburutwa na boti karibu na sakafu, kuanzia mdomo wa ghuba, penye bahari kuu, kuingia ndani.

Mwanzo ulikuwa mzuri hata mimi nilisogeza kiti. Kila jiwe lilikuwa limejaa. Kulikuwa na wanyama mfano wa maua, weupe, wamefungua vinywa vyao juu. Sifongo za manjano. Viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, vyenye mikono mingi kuliko vya kwetu. Na jongoo bahari mwekundu aliyetoa mikono kama matawi ya mti, akaingiza mkono mmoja mdomoni, akaunyonya, akautoa, akaingiza wa pili.

Dada akacheka. "Huyu anakula kama marehemu baba yako. Vidole vyote."

"Hata mchuzi haachi," nikasema.

"Haachi. Na sahani anairamba."

Kamera ikaendelea ndani. Maji yakaanza kubadilika rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Mpwa wangu akaeleza kwamba mto wa barafu unasaga mwamba uliopo chini yake, unatoa unga, na unga huo unamwagwa ghubani na maji yanayopita chini ya barafu. Unaanguka mchana na usiku. Tukauona ukianguka, taratibu, mbele ya taa. Sifongo zikawa chache, halafu zikawa za kijivu, matundu yao yamezibwa. Vikonyo vilisimama kwenye tope bila kitu juu yake.

"Kama majani kule kwetu, nyuma ya kiwanda cha saruji," dada alisema. Hakuwa anacheka tena. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaandika majina yetu kwa kidole kwenye majani ya mikorosho, na asubuhi ya pili majina yamefutika, vumbi jipya limeshakaa.

Tukapita mahali palipochimbwa mfereji mpana, ulionyooka, kama limepita trekta. Mlima wa barafu ulikuwa umekatika, ukaelea, ukaburura tumbo lake chini na kusaga kila kilichokuwapo. Ukingoni kulikuwa na vipande vya makombe. Baada ya hapo sakafu ikawa laini, imetandikwa kama kitanda cha hospitali, na vitundu vidogo vidogo. Kila taa ilipokaribia, kitu kwenye kitundu kilirudi ndani.

"Hapa hakuna kitu," dada akasema, kama mtu aliyepata nafuu.

"Wapo, Mama. Wako chini." Akaeleza kuwa minyoo na baadhi ya chaza wadogo hupanda kila siku. Unga ukiwafukia, wanajichimbua, unawafukia tena. Wanaoweza kupanda wanaishi. Wasioweza, ambao wameshikana na jiwe, wanabaki pale pale.

Mwishoni kioo kikawa cheupe kabisa. Hakukuonekana chochote ila unga, na ikasikika injini ya boti, na mtu anakohoa, na kwa mbali mshindo mmoja mzito.

"Nini hicho?"

"Barafu inakatika."

"Mbali?"

"Si mbali sana."

Dada akamgeukia mwanawe. "Na wewe unazama wapi?"

Mpwa wangu alinyoosha kidole kwenye ule weupe. Barafu inavyozidi kuyeyuka, unga unazidi, na wao wanataka kujua ni wanyama gani wanaokufa kwanza. Kamera haioni kitu pale. Walikuwa wameacha vigae sakafuni mwaka uliopita ili wanyama waote juu yake, na lazima mtu ashuke akavitafute kwa mikono.

"Unapapasa?"

"Napapasa."

Dada alichukua rimoti, akazima televisheni.

Kwetu mtu hatoki kwa safari ya namna ile bila radhi ya mama yake. Mpwa wangu ni mtoto wa London, anakula baga treni ikiwa imejaa, lakini hilo analo. Aliomba radhi siku ile ile, akiwa amekaa kwenye zulia karibu na miguu ya mama yake, na dada akamjibu, "Tutaona." Akaomba tena wiki iliyofuata. "Tutaona." Tulipokuwa tunashuka ngazi siku hiyo, mimi nikirudi kwangu, aliniambia, "Pasi ninayo mimi, Anko. Naweza kwenda tu. Lakini sitaki kuwa kule chini sioni kitu, halafu nikumbuke kwamba hajaniridhia."

Nilimwambia mama yake atalegea. Na siku chache kabla ya safari nikaamini kweli amelegea, maana mwenyewe ndiye aliyetaka isomwe dua. Alialika kina mama wa Barking na wengine wa mbali kidogo, Jumamosi, baada ya alasiri. Tulisimamisha makochi chumbani kwake, tukatandika mikeka sebuleni, tukaweka ubani. Kina mama walipojaa, sisi wanaume watatu tukakosa nafasi, tukabaki kwenye korido ya ghorofa, kofia kichwani, migongo ukutani. Viatu vilianzia mlangoni mpaka karibu na lifti. Ndani walikuwa wanasoma Yasini. Pilau ilikuwa inanukia na sisi tulikuwa na njaa, kwa hiyo nadhani nyuso zetu hazikuwa nzuri.

Lifti ikafunguka, akatoka jirani wa dada, muuguzi, mama wa Kisongea, Mkatoliki, anayekaa mlango wa tatu kutoka pale. Alikuwa ametoka kazini. Anampenda sana mpwa wangu. Wakikutana kwenye lifti huongea mpaka mlango ujifunge na kufunguka tena. Alitazama viatu. Akatutazama sisi. Akasikiliza kisomo. Akaweka mkono mdomoni.

"Habari za kazi, dada," nikamwambia.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana, akaingia kwake. Nikadhani amechoka.

Baada ya muda mfupi akatoka amefunga khanga juu ya sare yake, nyingine amejitanda, mkononi chupa ya chai na mikate miwili. Akavua viatu akaviweka mwisho wa mstari. Akapita kati yetu ameinamisha kichwa. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilimwona alivyopiga magoti penye mkeka, akajikokota hivyo hivyo kwa magoti, akiwapita kina mama, mpaka kwa dada. Akamkumbatia. Akaanza kulia kwa sauti.

"Pole, dada yangu. Pole sana, mama. Juzi tu nilikuwa naye kwenye lifti. Nilimwambia, mwanangu, yale maji ni ya baridi mno. Nilimwambia mimi."

Kisomo kilikatika kidogo kidogo, kuanzia waliokaa karibu nao mpaka wa mwisho. Na ndipo mpwa wangu akatoka jikoni na sinia ya glasi.

"Shikamoo, Anti," akasema. Salamu hiyo huitoa kwa Kiswahili.

Muuguzi alimwona. Alibaki mdomo wazi, mikono bado iko shingoni mwa dada.

Kuna aliyeanza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa, na chumba kizima kikafuata. Hata sisi wa korido tulicheka. Muuguzi akawa anacheka na kulia pamoja. "Nisameheni jamani. Mimi nimeona viatu, nimeona wanaume wamesimama vile…"

"Wamesimama wana njaa hao," mama mmoja akasema.

"Na chai umeleta. Umetusitiri, jirani, huo ndio ujirani."

"Umemwongezea umri," bibi mmoja wa Kipemba alisema, akimpangusa muuguzi machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Huyu sasa mpaka atuzike sote."

Dada peke yake hakucheka. Alikaa wima, bega la gauni lake limelowa machozi ya jirani. Akasema waendelee na kisomo, wakaendelea, wakamaliza, pilau ikaliwa, watu wakaagana kwa vicheko. Muuguzi aliomba radhi mara kadhaa. Dada alimwambia hakuna neno, na alipokuwa anatoka akamkabidhi chupa yake ya chai, bado imejaa.

Tulipobaki watatu, akaanza kukunja mikeka.

"Haendi," akasema.

Mpwa wangu aliyekuwa anakusanya glasi alisimama.

"Dada," nikasema, "yule mama amekosea tu."

"Najua amekosea. Nimelia naye lakini. Ulijua hilo? Kabla mtoto hajatoka jikoni, kuna dakika nilisahau kwamba yuko jikoni. Nililia na mimi."

Sikujua. Kutoka koridoni nilikuwa nimeona mgongo wake tu.

"Basi yule bibi amesema…"

"Bibi ana wanawe saba." Akauweka mkeka ukutani. Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemjaza hayo maneno ya buibui na minyoo, mtoto hata shule hajaanza. Sikulaumu. Nakuuliza. Wewe umefika kwenye maji hayo. Ulishika kamba. Niambie kweli, na usinipambie."

Ningeweza kumwambia mengine. Nilimtazama mpwa wangu, naye akaitikia kwa kichwa kunipa ruhusa, au niliona hivyo.

Nikamweleza. Maji yakiwa na unga, mzamiaji hafuatwi kwa macho, anafuatwa kwa kamba, na juu kwenye boti kuna mtu anaishika. Kazi yangu ilikuwa jikoni, lakini boti ndogo kila mtu hufanya kila kitu, na siku nyingine kamba ilikuwa yangu. Unavuta mara moja, maana yake, mzima wewe? Naye anavuta mara moja, mzima. Huoni kitu, maji ni kama uji. Unajua mtu yuko hai kwa sababu ya kiganja chako tu. Siku moja nilivuta, sikujibiwa. Nikavuta tena. Kamba haikuwa imelegea wala haikuwa imekaza, ilikuwa imekaa tu. Nahodha akasema ngoja. Nilikuwa nasikia barafu ikilia mbele yetu, mlio kama mlango mkubwa unaofunguliwa polepole. Halafu ikaja mvuto mmoja, dhaifu. Tulipomtoa alikuwa na rangi ya samli. Alisema tope lilianguka kutoka juu ya mteremko likamfunika hadi kiunoni, na hakujua tena juu ni wapi. Alipapasa akagusa jiwe, na kwenye jiwe kulikuwa na wale wanyama mfano wa maua, laini, wamejikunja. Akakumbuka kwamba hao huota upande wa juu, unga usiwazibe. Hivyo ndivyo alivyojua aelekee wapi.

"Na kama asingegusa jiwe?" dada akauliza.

"Tungemvuta."

"Mkimvuta akiwa topeni, kamba inakatika au haikatiki?"

"Sijui, dada."

Alikaa kwenye sakafu tupu, mikeka ikiwa imeshakunjwa. Alionekana mdogo. Nilifikiri basi, nimeifunga safari ya mtoto kwa mdomo wangu, na sikuweza kujua kama nimefanya vibaya.

Mpwa wangu aliweka glasi chini. Akaja akakaa mbele ya mama yake. Alipoanza kusema, alisema kwa Kiswahili, kile cha mtoto mdogo, maneno anayaokota moja moja.

"Mama. Mimi nitaenda. Siyo… siyo kukosa adabu. Nitaenda sababu hawa wanyama wanakwisha na hakuna mtu anawaona. Kama nikifa na radhi yako, na kama nikifa bila radhi yako. Wewe utaweza kubeba ipi?"

Sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu kiasi kile kwa lugha yetu. Dada naye hajawahi. Nje treni ilipita, ikaisha.

"Unamuuliza mama yako neno kama hilo," akasema hatimaye.

"Naomba unijibu."

"Hakuna ninayoweza kubeba."

Mpwa wangu hakusogea.

"Ile ya bila radhi siiwezi kabisa," dada akasema. Akamshika kichwa, akakivuta kifuani, akamsomea kitu kwa sauti ya chini, akampulizia utosini. "Nimekuridhia. Radhi yangu yote, sikubakiza. Lakini furaha sina, usiniombe furaha. Na jambo moja. Siku utakayozama usiniambie. Siitaki kuijua. Niambie umekula, niambie umelala, niambie baridi. Hiyo siku usiniambie."

"Sawa, Mama."

"Na hiyo ngozi yako iondoke bafuni leo."

Niliwapeleka uwanjani mimi, mama na mtoto, na begi la mpwa wangu nililipakia kwa mikono yangu, nikaomba zamu ile makusudi. Kabla hajaingia, mpwa wangu alinivuta pembeni, amerudia Kiingereza chake. Alisema mama ameomba asijue, lakini yeye hawezi kushuka bila mtu wa nyumbani kujua. "Nitakuandikia wewe, Anko. Kila mara. Usimwambie." Nikakubali. Ungekuwa wewe ungekubali pia.

Sasa ni wiki ya tatu. Amenitumia picha za ghuba, ukuta wa barafu wa buluu iliyochafuka, na mbele yake maji ya rangi ya chai. Ukuta umerudi nyuma kuliko kwenye zile picha tulizoziona Jumapili, hata mimi nimetambua. Amekwisha zama mara kadhaa, nje nje, penye mawe na sifongo. Anasema kigae cha kwanza walichokitoa kilikuwa na minyoo tu. Mwaka jana mawe ya jirani yake yalikuwa na aina nyingi hata hawakumaliza kuzihesabu. Vya ndani bado.

Dada ananipigia kila asubuhi. Hasemi anachotaka. Anauliza kama nimekula, kama mvua ya huku Hounslow ni kama ya kwake.

Leo ujumbe wa mpwa wangu uliingia nikiwa kazini, kabla ya simu ya dada. Maneno machache: leo, baada ya chakula cha mchana, ndani, karibu na ukuta. Hali ya hewa nzuri. Kamba anashika mwenzake mwenye mikono mizuri.

Simu ikalia. Nikatoka kwenye mkanda wa mizigo, nikasimama penye mlango wa dharura.

"Umekula?" dada akauliza.

"Nimekula mkate."

"Mkate si chakula." Kijiko chake kikagonga kikombe. "Mtoto hajaniandikia tangu jana."

"Mtandao wa kule si mzuri, dada. Unajua."

"Najua." Nilimsikia anapumua. "Wewe hujasikia kitu?"

Mbele yangu mabegi yalikuwa yanapita, mekundu, meusi, moja limefungwa kamba ya katani kama ya kwetu.

"Huku mvua tu," nikamwambia.

"Na huku pia," akasema, na hakukata simu, wala mimi sikukata.